Kicheko cha Safu ya Tatu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Gillian zima hiyo redio, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki kugombania na mtangazaji. Russell, kaa hapa nikuone. Nyumba hii ya Rochdale ni yenu wawili, mgawane bila kununiana. Piano achukue Gillian, kwa kuwa wewe uliigeuza meza ya kuwekea bia. Hayo ni madogo. Neno langu kubwa ni kanda za *Chai Imepoa*, kipindi changu cha vichekesho.

Najua mna mkataba wa watu wa runinga wanaotaka kuzitoa upya. Mmeuficha chini ya gazeti mkidhani mgonjwa hana macho. Tena siku hizi mnacheka kila nikitania, na mimi niliyekula kwa vicheko vya runinga miaka thelathini najua kicheko cha kweli na cha adabu. Chenu ni cha adabu.

Mnamkumbuka Lionel Pargeter, mhakiki wa gazeti, aliyeandika tulipoanza kwamba naigiza kama mtu aliyeangusha sufuria. Baba yenu Wilf alilipeleka gazeti lile kwenye duka la samaki na chipsi, akaomba wamfungie chipsi zake nalo. Kila Jumapili ya kurekodi alipanda basi na watu wa klabu waliopewa tiketi za bure, akakaa safu ya tatu, pembeni. Alikuwa anacheka kwa kuchelewa, wenzake wameshamaliza, halafu anakohoa. Sisi jukwaani tulizoea kumsubiri.

Alipofariki nilirudi kazini baada ya majuma sita, na ukumbi siku hiyo ulikuwa umenuna. Kipindi kilipoonyeshwa, Pargeter akaandika kwamba vicheko vya ukumbini vilikuwa vya kubandika. Nikamkuta kwenye hafla ya tuzo, nikammwagia chai kifuani mbele ya watu, nikamwambia, "Wewe Lionel hata ukitekenywa hucheki, utakijulia wapi kicheko?" Nikashangiliwa. Kumbe kipindi chenyewe sikuwa nimekitazama. Nilikuwa siwezi kujitazama.

Mwaka uliofuata kikarudiwa, nikajikaza, nikakitazama hapa sebuleni. Katikati nikamsikia Wilf. Akachelewa, akacheka, akakohoa, na mimi nilikuwa nimeshamzika. Nilimpigia simu Norris, fundi wetu wa sauti, akalia kama mtoto. Akasema walikuwa na desturi ya kuweka akiba ya vicheko vizuri, ukumbi ukipoa wanajaziliza, na siku ile alichukua kilichokuwa karibu bila kufikiri. Kituo kilipoanza kufuta kanda ili kurekodia mambo mengine, ni Norris aliyeniletea hizi nakala. Pargeter alisema kweli, nami sikumwomba radhi. Ninaona aibu mpaka leo.

Sasa huyo huyo Pargeter, mzee kama mimi, ameandika kwamba kipindi chetu ni johari. Nimeshangaa. Mtu akikusifu wakati huwezi hata kunyanyua kikombe, lazima ujiulize anatafuta nini. Lakini ninyi ndio mmenitia shaka zaidi. Juzi, Russell, ulisimama pale mlangoni ukidhani nimelala, ukamwambia dada yako, "Vicheko wanavitoa vyote, siku hizi watu wanaona ni ushamba. Mama hatajua."

Mama amejua. Ngoja... nipe maji.

Sikilizeni. Hamtatia saini mpaka iandikwe kwamba hakuna kicheko kitakachoguswa. Wakikataa, kanda zikae kabatini zioze. Wakikubali, msiwaamini, na mimi siwaamini ninyi. Kwa hiyo kabla hazijatoka, mpelekeeni Pargeter azisikilize zote. Simpendi. Ila kati ya watu wote walioniandika, kwa sifa na kwa matusi, ni yeye peke yake aliyesikiliza kweli, na hamtaweza kumdanganya. Mwambieni Edna Hallworth anaomba radhi kwa ile chai. Asiposamehe, basi, lakini asikilize.

Nimechoka. Mungu awatunze, awape na mtu wa kuwachekea hata kama anachelewa. Msigombane... piano ni ya Gillian.

Weka kile kipindi, mwanangu. Ongeza sauti. Nishikeni mkono, na akianza kucheka, msiseme kitu. Msubirini... amalize kukohoa.