Simama Kwanza: Mama Kahambu Anaaga Meza ya Besi

Bi. Exaucée Kahambu, jina analoitwa na barua za ofisi peke yake, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, baada ya kuitumikia karakana yetu ya magitaa hapa Nakawa kwa miaka ishirini na mitano, miezi kumi na siku ishirini na tano. Hizo siku amezihesabu mwenyewe na kuniagiza nisiziache.

Alifika Kampala kutoka Butembo mwaka 1997 na mzigo wa vitenge vya kuuza, pamoja na gitaa moja la besi ambalo haliuzwi. Vitenge viliisha. Gitaa bado lipo, na nitalirudia. Mwaka uliofuata alikuja karakanani kutafuta uzi mmoja tu wa besi, akamkuta fundi wa wakati huo akipiga msasa shingo ya gitaa, akamwambia kwa upole kwamba anaiharibu. Jumatatu iliyofuata aliajiriwa. Fundi yule alihamia kwenye ngoma na mpaka leo ni marafiki.

Kwa wageni wetu wasioijua kazi hii: shingo ni ile sehemu ndefu ya gitaa inayoshikwa na mkono wa kushoto. Shingo ya besi huja nyembamba au pana, na mgongo wake huwa bapa, wa mviringo au mnene. Kule juu nyuzi zinakoanzia, tofauti ya upana ni milimita tatu au nne tu. Utacheka. Anayesimama nayo ibada nzima hacheki.

Watu wa Kampala, mimi nikiwemo, huchagua besi kwa rangi. Mama Kahambu alikuwa na dawa yetu. Alimfunga mteja macho kwa kitambaa cha kitenge, akampa magitaa matatu moja baada ya jingine, na lile alilolipenda akaamuru asimame nalo. Si dakika tano. Saa nzima, urefu wa kipindi cha sifa kanisani, huku yeye akiendelea na kazi zake na kumuuliza habari za wakwe. Kumbe alikuwa anatazama bega linaanza kupanda lini, na kidole gumba kinaanza lini kuhangaika. Aliyeomba kiti aliambiwa kiti kitamdanganya. Ukutani aliandika kwa chaki, kwa Kiswahili cha kwao, "Mukono ndjo inachagula, macho hapana." Sote tulioajiriwa baada yake tulifungwa macho wiki ya kwanza, hata Moreen wa mapokezi aliyekuja kupokea simu tu.

Kosa lake kubwa nalieleza bila woga, maana yeye mwenyewe humsimulia kila mfanyakazi mpya na kutunyima raha ya kumsengenya. Mwaka 2006 alikuja Oduor, mpakuaji wa malori pale sokoni, mwenye viganja kama mifuniko ya sufuria. Mama aliviona, akaivunja sheria yake, akampa shingo pana na nene papo hapo. Jumapili mbili baadaye Oduor alirudi na kifundo cha mkono kimevimba, na kwaya yake imeimba bila besi. Viganja vilikuwa vikubwa kweli, ila vidole vilikuwa vifupi. Mama alimwomba radhi mbele yetu wote, akamfunga macho, na Oduor akaondoka na shingo nyembamba kuliko zote dukani. Bado anaipiga. Leo yumo ukumbini, mkitaka kuvitazama viganja.

Sasa lile gitaa lake. Alilipiga katika kwaya ya Wakongo kule Makindye kwa zaidi ya miaka ishirini: shingo ya milimita arobaini na mbili, mgongo mnene. Miaka mitatu iliyopita vidole vya mkono wa kushoto vilianza kukakamaa asubuhi. Pasaka ya mwaka jana alipiga akiwa amekaa, na sote tunajua anavyoviona viti. Baada ya hapo alilitundika ukutani karakanani akasema linapumzika. Tangu siku hiyo hupita pale bila kuinua macho. Iliniuma sana. Mtu aliyeutafutia kila mkono wa mji huu shingo yake alikuwa ameukatia tamaa mkono wake mwenyewe.

Okot, mchonga mbao wetu, hakukubali. Lakini ungempimaje Mama bila yeye kujua? Mama hupika posho, ugali wetu wa mchana, mwenyewe kwa sababu hamwamini mwingine yeyote, na husonga kwa mkono wa kushoto. Basi mwezi wa Machi Okot alichonga miko mitano, kila mmoja na mpini wa umbo lake, akaitundika jikoni. Moreen akawa anaandika katika daftari la wageni ni upi umeshikwa. Ule mnene Mama aliushika mara moja akaurudisha kwa dharau. Wiki ya pili akawa anachukua mmoja tu, mwembamba, wenye mgongo bapa. Wiki ya tatu alitangaza kwamba aliyeuchonga ndiye mtu pekee mwenye akili katika karakana hii, na Okot ikabidi atoke nje.

Kisha Mama akaupenda hata akaenda nao nyumbani. Kipimo chetu kikawa kinasonga posho ya wajukuu Makindye, na Moreen akalazimika kwenda kumsalimia Jumapili, rula ikiwa ndani ya mkoba.

Mama, hapa nazungumza na wewe. Juzi ulipokwenda Kasubi kuwaaga wateja, tulilishusha gitaa lako. Lina shingo mpya, milimita thelathini na nane, mgongo wa mwiko ule. Ya zamani tumekuhifadhia, ni yako. Gitaa tulilirudisha ukutani, siku mbili umepita chini yake, na kwa mara ya kwanza tulishukuru kwamba huutazami ukuta ule.

Ndiyo maana ratiba ina saa nzima isiyo na jina baada ya chakula. Moreen ana kitambaa cha kitenge. Okot ana msasa mfukoni na hajalala vizuri, kwa hiyo ikiuma sema, usituhurumie, hukutuhurumia miaka yote.

Asante kwa kila bega ulilolishusha. Tunakuombea siku njema za mapumziko na kila Jumapili yenye besi. Viti vyote vya jukwaani tumeviondoa.

Sasa simama.

Nashon Wamalwa, kaunta ya mauzo