Gauni Lisilo na Zipu

Kwenye basi la kutoka tamasha la kimataifa la filamu, fundi cherehani aliyekaa mbele yangu, futi shingoni, alikuwa bado hajapoa. "Katuni ya Kijapani nzuri, sikatai. Lakini yule binti, gauni limembana vile, halina zipu wala kifungo. Alilivaaje?"

"Kumbe ni wewe!" Muuguzi mwenye sare pembeni yake akamgeukia. "Mama wa watu anakata roho kwenye skrini, mimi nalia, nyuma yangu mtu anaulizia zipu!"

"Huyo mama naye alishonewa vibaya, dada yangu."

"Ni mchoro tu!"

"Sasa mchoro unaulilia nini?"

Basi likasimama, wakashuka wakibishana. Filamu hiyohiyo nina tiketi yake ya kesho. Nimeshanunua na leso ya kulilia, lakini najijua: nitakaa pale natafuta zipu.