Mvua Katika Gemu ya Kyule

Basi la Mbumbuni lilikuwa nusu tupu, kwa hivyo hata mwenye kunong'ona alisikika. Kwenye kiti cha mbele yangu, kijana aliyejiita Kyule alikuwa akimwonyesha mama mmoja, kwa kompyuta yake, gemu anayoitengeneza, ambamo mtu anakuwa meneja wa timu ya kriketi.

"Wenye wameijaribu wanasema haikai kama maisha," alisema. "Nimeweka wachezaji wanaumia. Nimeweka hata mvua."

Mama alikuwa amepakata mfuko wa mbegu za ndengu. "Mvua ikinyesha, hao vijana wanafanya nini?"

"Wanakaa ndani, wanangoja. Ikiisha wanarudi uwanjani."

"Wote?"

"Wote kumi na mmoja."

"Na ni timu ya wapi?"

"Ya hapa Makueni, mama."

"Mvua ya kwanza, na hakuna hata mmoja ameenda kupanda? Hao umewapatia tu majina yetu."

Kyule alieleza kwa upole kwamba wachezaji wana kandarasi.

"Na mvua imesaini?"

Mimi sijawahi kuona kriketi, lakini nilikuwa nimeshachagua upande.

"Sasa mama, wakienda wote, meneja atabaki na nani?"

"Kwani yeye hana shamba?"

Matone yakaanza kugonga kioo. Dereva alisimamisha basi mahali hapana stendi, akatoa kichwa dirishani na kuita boma lake lililokuwa kando ya barabara: "Mwikali! Toeni ng'ombe na plau!"

Kyule alimtazama dereva, kisha akawatazama vijana wake kumi na mmoja, wamekaa kwa kompyuta, wanangoja mvua iishe.