Nilivyofunguliwa Kinywa Mbele ya Maprofesa

Bwana asifiwe! Nyie wa viti vya nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe sana! Amina.

Ndugu zangu, mnanifahamu, ni mimi Mama Elisha, wa chama chetu cha akina mama wakamuaji wa alizeti hapa Manyoni. Soko huria lilipoingia, kila mtu akawa mfanyabiashara, na akina mama wakanichagua niwe meneja. Nikaona bila elimu tutaliwa hivihivi tunaona. Nikaenda kusoma shahada ya pili, ya uongozi wa taasisi, na wajukuu ninao! Watu walicheka. Mume wangu naye alicheka, lakini alinibebea begi mpaka stesheni.

Kusoma nilisoma. Shughuli ilikuwa kutetea tasnifu. Unasimama mbele ya maprofesa, wanaishambulia kazi yako kwa maswali, nawe unaitetea. Sasa mimi ni Mnyaturu niliyelelewa! Nikaingia, nikainama, nikawapa shikamoo mmoja mmoja. Na kwetu mtu ukishampa shikamoo, hubishani naye. Profesa mmoja akasema, "Sura hii ina kasoro." Nikajibu, "Ndiyo, mzee." "Na hitimisho lako halisimami." "Ni kweli, baba." Jamani! Kazi yangu mwenyewe naikana kwa adabu! Wakaniambia sikutetea kitu. Nirudi mara moja tu, nikishindwa tena, shahada hakuna.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Kilichoniuma zaidi, lile hitimisho lilikuwa kweli tupu. Niliandika kwamba vyama vyetu vinakufa kwa sababu hakuna anayethubutu kumbishia mwenyekiti. Na mwandishi mwenyewe kashindwa kufungua kinywa!

Siku moja kwenye maombi ya akina mama, uchungu ukanizidi, nikapaza sauti: "Hapana, Bwana! Sikubali! Wewe ndiye uliyenipeleka, huwezi kuniacha niaibike!" Nikasikia mtu anacheka. Alikuwa Mama Neema, jirani yangu, amepiga magoti kando yangu. Anacheka kwenye maombi! Akasema, "Dada, Mungu Mwenyezi unamwita Baba, na bado unambishia hivyo, wala hajakupiga radi. Hao maprofesa ni akina nani?"

Ndugu zangu, nilifunguliwa palepale! Nikaanza kucheka na mimi, machozi yananitoka, maombi yakageuka vigelegele. Miaka yote nilidhani heshima na woga ni kitu kimoja. Haleluya, si kitu kimoja!

Siku ikafika. Nikainama, nikatoa shikamoo, maana adabu sikuiacha. Kisha nikasema, "Wazee wangu, naomba ruhusa niwabishie." Wakaangua kicheko! Nikawabishia. Kiingereza changu kilichechemea, lakini kilifika. Yule profesa aliporudia habari ya hitimisho, nikamwambia, "Hapana, baba, hapo sikubaliani nawe," nikampa sababu zangu zote. Akatabasamu. Nikafaulu! Vigelegele viko wapi?

Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu, na Mama Neema na kicheko chake.

Juzi kikaoni karani wetu, binti mpole kabisa, kasimama mbele ya wote akaniambia, "Samahani mama, hapa umekosea." Na nilikuwa nimekosea kweli! Ndugu zangu, nilifurahi kuliko siku ya kuvaa joho.

Wewe uliyefungwa kinywa, mtegemee Mungu. Mwambie yote yaliyo moyoni, hata kama neno lako la kwanza ni hapana. Hatakufukuza. Njoo hapa mbele tuombe, na Mama Neema akicheka, mwacheni acheke.