Fundi Aliyeutia Udongo Meno

Ndugu, jamaa na marafiki, familia inawashukuru kwa kufika, inawaomba waliosimama nyuma wasogee mbele, maana kiti cha mbele hakijawahi kumuuma mtu, na sasa, kwa sauti ya mdogo wake wa mwisho, inawasomea safari ya mama, dada, bibi na jirani ambaye wengi wenu mlimwita Fundi, na ambaye hata mumewe, kwa miaka arobaini na mitano ya ndoa, hakuwahi kumwita kwa jina lingine lolote mbele za watu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, katika chumba kilichokuwa juu ya tanuri la mikate, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mwokaji na mama mshonaji, na inasemekana siku hiyo baba yake alisahau hamira, mikate yote ikatoka bapa kama soli ya kiatu, na wateja wakainunua hivyo hivyo kwa heshima ya mtoto. Tangu anatambaa aliishi na donge la unga mkononi, na kabla hajaanza shule alikuwa amekwisha kuanza kuitia mikate pua kabla haijaingia tanurini, jambo ambalo baba yake alilikemea asubuhi na kulikubali mchana, baada ya kuona watoto wa mtaa wanawavuta wazazi wao wayapite maduka mengine ili wakanunue mkate wenye pua.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1960, akamaliza mwaka 1966, akaendelea na sekondari mpaka Novemba 1970, na kwa miaka yote hiyo walimu wake, waliokuwa hawaelewani juu ya jambo lingine lolote, walikubaliana kwamba mwanafunzi huyu ana akili ila mikono yake haitulii, maneno waliyoyasema kwa lawama na ambayo familia leo inayarudia kwa fahari. Mwaka 1971 alijiunga na chuo cha afya, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1974 katika fani ya kutengeneza meno ya bandia, fani ambayo shangazi zake walikuwa wakiitaja kwa sauti ya chini kama wanaotaja ugonjwa, mpaka siku ambayo mmoja wao aliyahitaji.

Jumatatu ya tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa katika kliniki ya meno, akapewa karakana ya nyuma yenye dirisha moja lililotazama ukuta, meza ya mbao iliyojaa makovu ya visu, jiko dogo la kuyeyushia nta, na rafu ndefu ambayo juu yake zilipangwa nakala za plasta za vinywa vya watu wa mji mzima, wakubwa kwa wadogo, wote wakiwa wamenuna kwa usawa. Marehemu alipenda kusema kwamba fundi wa meno anaweza kumsahau mteja, jina lake, cheo chake na hata deni lake, lakini jino halisahau, na kauli hiyo, kama mtakavyosikia, ilikuwa kweli kuliko alivyotaka.

Mwaka 1977 aliingia karakanani humo kijana mpiga picha za pasipoti, ambaye kamera pamoja na miguu yake mitatu ilikuwa imemwangukia usoni ikamwachia pengo la meno manne ya mbele, kijana ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia watu watabasamu, ilhali yeye mwenyewe alikuwa akiziba mdomo kwa kiganja kila anapotaka kucheka. Marehemu alimtengenezea meno, na kwa kauli yake mwenyewe hakuwahi kabla wala baada ya hapo kutengeneza meno mazuri kama yale, akayakalisha, akarudi nyuma hatua moja ayaone, na yule kijana akasema ahsante huku mkono uko mdomoni. Kwa fundi hilo lilikuwa kama kumjengea mtu mlango halafu ukamwona anapita dirishani. Akamwita arudi wiki iliyofuata kuangaliwa kama meno yanabana, na wiki iliyofuata tena, na iliyofuata, mpaka tabibu wa kliniki akauliza kwa upole kama mgonjwa huyu ana kinywa kimoja au vitatu, na kwa kuwa swali hilo halikuwa na jibu la kitaalamu, walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 18 Agosti 1979. Katika picha ya harusi bwana harusi ameziba mdomo, na wageni wasiomjua walidhani analia.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1981, ambaye sasa ni mhasibu, na mvulana aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 1984, ambaye sasa ni fundi umeme, na wajukuu watano ambao mnawaona hapa wakijitahidi kukaa kimya. Nyumba ilikuwa na furaha, ila marehemu alikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni kama mwiba, kwamba mume wake alikuwa akicheka kila siku na yeye hakuwahi kuliona cheko lenyewe, maana mkono ulifika mdomoni kabla yake. Alijaribu kumwomba, akajaribu kumtania, akajaribu kumpa vitu vya kushika, mzee akavihamishia mkono mmoja.

Mwaka 1987, binti yao aling'oa jino la kwanza akalia mchana kutwa, na marehemu, ili kumnyamazisha, alichukua udongo laini wa kufinyangia, akafinyanga bibi kizee mdogo mwenye meno ya bandia yanayomtoka kila akifungua mdomo, na mzee akaleta kamera ya filamu iliyokuwa ikilala stoo ya studio, ile inayoweza kupiga picha moja moja. Walimsogeza yule bibi kidogo kabisa, wakampiga picha, wakamsogeza tena, wakampiga tena, na kazi ya siku kadhaa ilipoonyeshwa ukutani kwa projekta ilikwisha kwa muda wa mtu kupiga chafya, lakini katika chafya hiyo bibi alitembea, meno yakamtoka, yakakimbia mezani yenyewe, na bibi akayafuata huku akiyaomba radhi. Binti alicheka, akataka tena, akacheka upya pale pale, na marehemu akageuka kumtazama mumewe, akakuta mkono uko mdomoni na mabega yanatikisika. Siku hiyo aliamua, ingawa hakumwambia mtu, kwamba atatengeneza kichekesho baada ya kichekesho mpaka mkono ule ushuke.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Bibi Ufizi, ambaye hakuna mtoto wa mji huu asiyemjua, pamoja na shemeji yake, Mjomba Mipango, mwenye mradi mpya kila asubuhi na aibu mpya kila jioni. Marehemu alimfinyangia kila mmoja vinywa vingi vya kubadilisha, kimoja cha kusema "a", kingine cha "o", kingine cha kusingizia hakusikia, akavitunza katika vikopo vya vidonge, na mzee akapiga picha, yeye akasogeza. Watu waliuliza mara nyingi kwa nini filamu hizi ziliwashika wazazi na watoto kwa pamoja, wakati filamu nyingine humwacha mmoja wao amelala, na marehemu alijibu kwamba mtoto hucheka Bibi Ufizi anapoanguka, baba hucheka Bibi Ufizi anapojifanya hakuanguka, na bibi mzaa mama huwa ameshacheka kabla ya wote, kwa sababu aliliona anguko linakuja. Zaidi ya hapo alikataa kabisa kulainisha udongo, akaacha alama za vidole vyake zionekane mashavuni mwa kila sanamu, akisema mtoto akiona alama ya kidole anajua kuna mtu alikaa na jambo hili kwa muda mrefu kwa ajili yake, na akirudi nyumbani ataomba udongo, si televisheni. Wazazi waliokuja kulalamika kuhusu mazulia yao watakumbuka kwamba aliwapa chai.

Mwaka 1991 filamu yao ya kwanza ndefu ilikuwa tayari kwa ukumbi wa sinema, na hapo wakakutana na ofisi ya vibali. Ofisi ilitaka kujua idadi ya waigizaji, ikajibiwa saba, ikataka kujua umri wao, ikajibiwa mkubwa ana miaka minne na mdogo miezi mitatu, ikataka kujua kama watoto hao wadogo wanalala mahali panapofaa, ikajibiwa kwamba wanalala wote ndani ya kopo la biskuti, na kwa muda fulani ilisadikika kwamba ustawi wa jamii ungeingilia. Baada ya kuelewana juu ya hilo, Mkuu wa Vibali mwenyewe aliitazama filamu, na kesho yake kibali kikakataliwa kwa sababu ambayo haijawahi kutumika kabla wala baada, yaani "mwenendo wa kinywa usiofaa". Marehemu aliipitia filamu nzima akitafuta neno chafu, hakuliona hata moja, na ukumbi ulikuwa umekwisha kukodiwa, na kwa mara ya kwanza familia ilimwona amekaa mikono imelala mapajani.

Aliyegundua ni mzee. Aliitwa kuwapiga watumishi wa ofisi ile picha ya pamoja, akamwambia Mkuu atabasamu kidogo, na Mkuu alipotabasamu, mzee, jicho lake likiwa kwenye kamera, akamwona Mjomba Mipango. Ulikuwa mwanya ule ule wa juu na chonge ile ile iliyoinama kama mlevi anayesalimia, maana marehemu ndiye aliyemtengenezea Mkuu meno yale kwa kuiga yake ya asili, na alipotafuta kinywa cha kumfaa tapeli, alinyoosha mkono kwenye rafu ya karakana akachukua nakala ya plasta iliyompendeza, jino akalikumbuka, mwenye jino akamsahau. Mkuu hakuweza kusema filamu inamdhalilisha bila kukiri kwamba meno yake ni ya kununua, naye marehemu, alipokwenda ofisini kuomba radhi, hakuweza kuomba radhi kwa jambo ambalo kwa heshima hapaswi kulijua, basi wakaongea kwa muda mrefu kuhusu mapazia ya ofisi, wakaagana vizuri, na kibali hakikutoka.

Marehemu alirudi nyumbani akasema itabidi Mjomba apigwe picha upya na kinywa kingine, lakini rafu nzima ni ya wateja, na sasa hamwamini mtu yeyote mle. Mzee aliweka kikombe chini, na yeye, ambaye alikuwa hajamwonyesha mtu meno yake tangu akiwa kijana, akasema, "Mpe yangu, Fundi. Ukumbini ni giza, nani atanijua?"

Waliipiga upya karibu nusu ya filamu, kibali kikatoka, na ukumbi ulipojaa, mji mzima ulicheka mbele ya meno ya mzee yakiwa na urefu wa mlango, huku mwenyewe amekaa safu ya nyuma, kiganja mdomoni. Marehemu alisema baadaye kwamba siku hiyo alipewa zawadi kubwa kuliko zote za ndoa yake, ila alipewa ukutani, na yeye alikuwa akiitaka usoni.

Alistaafu kliniki tarehe 30 Juni 2008, akaendelea na udongo, na mwaka 2016 alipatwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono. Kwa kuwa aliyesogeza ni yeye, Bibi Ufizi naye alianza kutetemeka, watazamaji wakasifu ufundi, na marehemu akazipokea sifa bila kuwasahihisha. Ilipofika mwaka 2021 hakuweza tena kushika kinywa kidogo, binti yake mhasibu akawa anakuja siku za mapumziko kusogeza kwa niaba yake, huku mama akielekeza kwa kidevu, na filamu ya mwisho ilikamilika mwezi Agosti mwaka huu wa 2024, ikiwa na sehemu moja ambayo mzee, kwa amri ya marehemu, hakuruhusiwa kuiona, na kwa mara ya kwanza kamera ikashikwa na mtu mwingine.

Jumapili mchana, tarehe 15 Septemba, baada ya madaktari kumruhusu arudi nyumbani na kuieleza familia ukweli, mwana wao alivuta pazia la sebuleni akaiwasha filamu ukutani. Mikono ya marehemu ilikuwa ikimsumbua sana siku hiyo, na mzee, aliyekaa kando yake, aliishika yote miwili kwa mikono yake yote miwili ili itulie. Ukutani Bibi Ufizi alikuwa amechelewa kupigwa picha ya pasipoti, akapapasa glasi za meno gizani, akavaa meno kwa haraka, mpiga picha wa udongo akamwambia tabasamu mama, na bibi akatabasamu kwa meno ya Mjomba Mipango, yaani ya mzee wetu, makubwa kuliko uso wake, akajitazama kwenye kioo na kuonekana amependezwa. Mzee alicheka. Alicheka mpaka machozi, kwa sauti ambayo watoto wake hawakuijua, mdomo wazi kabisa, kwa sababu hakuwa na mkono wa kuzibia, na ile aliyoishika hakutaka kuiachia. Marehemu hakuwa anatazama ukuta. Alimtazama mumewe mpaka filamu ikaisha, kisha akasema, taratibu, kwa sauti ya karakana, "Yamekaa vizuri."

Alifariki kwa utulivu Jumanne, tarehe 24 Septemba 2024, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao walimhudumia kwa upole na kuvumilia kuambiwa hali ya meno yao bila kuuliza, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kliniki, majirani walioazimisha viti, nyaya za umeme na subira, na inamshukuru kwa namna ya pekee Mkuu wa Vibali mstaafu, ambaye yupo hapa, ambaye ametoa ruhusa kwa hiari yake historia hii isomwe yote, na ameomba ijulikane kwamba meno ni yale yale na hayajawahi kumsumbua. Filamu ile itaonyeshwa jioni ya leo sebuleni kwa wote, na mzee anaomba anayetaka kucheka asijizuie kwa ajili yake.

Fundi, mikono yako sasa imetulia, na ya mzee wako, tunaiona kutoka hapa, iko magotini. Pumzika kwa amani.