Kwa Nini Musili Wathome Anazikwa Mlimani

Mchungaji wetu, mwaitu, yaani mama yetu mzazi, shemeji yangu Mwendwa, walimu waliofundisha na marehemu chuoni, na nyinyi majirani wa Ilingoni mliopanda mlima huu mkinung'unika, maana nimewasikia, mimi ni Ndila, dada yake marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo kamati ya mazishi iliniomba niyaruke.

Musili alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Februari 1974, huko bondeni kwa baba yetu, hayati Wathome, na mama yetu Kalondu, akiwa kifungua mimba wa watoto watano, na mama husema alianza kuuliza maswali kabla hajaota meno, ingawa hapo mama huongeza chumvi.

Alisoma Shule ya Msingi ya Ilingoni kuanzia mwaka 1981 hadi 1988, na akiwa darasa la tano mwalimu alimkabidhi kipima mvua cha shule, akawa anayapima maji kila asubuhi na kuandika daftarini, hata siku ya Krismasi, kisha akaenda sekondari ya bweni mjini Machakos hadi 1992, akaingia chuo kikuu Nairobi mwaka 1994, akatoka na shahada ya hisabati mwaka 1998 na ya pili, ya takwimu, mwaka 2002.

Januari 2003 aliajiriwa kuwa mwalimu wa takwimu chuoni, na kwa vile mlizoea kuniuliza ndugu yangu anafanya kazi gani, nami nikawajibu tu kwamba ni mambo ya kompyuta, leo nitajibu vizuri, kwamba kazi yake ilikuwa kuiga yale mambo yanayokwenda kwa bahati, kama mvua, foleni na mitambo kuharibika, maana hakuna mtu atakayeishi miaka elfu moja aone ni mara ngapi mvua inaushinda ukuta wa bwawa, kwa hiyo yeye alichukua mvua iliyopimwa kweli, akaiachia kompyuta ichote bila kuchagua, kama mtu anayeingiza mkono guniani akiwa amefumba macho, ikamtengenezea mwaka mmoja wa mvua, halafu mwingine, hadi ikafika elfu, naye akahesabu ni miaka mingapi maji yalipita juu ya ukuta.

Alifunga ndoa na Mwendwa tarehe 6 Desemba 2003 mjini Machakos, wakaishi Syokimau, Mungu akawapa Lavender mwaka 2005 na Kioko mwaka 2009, na hakuwahi kuwainulia mkono, wala sauti.

Mwaka 2017 kamati ya bwawa letu, chini ya mwenyekiti Mzee Kisilu, ilimwomba kama mtoto wa nyumbani atupigie hesabu kama kimo cha ukuta tuliopanga kujenga kinatosha, akaifanya jioni baada ya kazi kwa majuma mawili, akaja Jumapili moja baada ya ibada akasema katika miaka elfu moja maji hayakupita juu ya ukuta hata mara moja, tukapiga makofi, mama akachinja jogoo, ukuta ukajengwa kwa kimo hichohicho ukaisha Agosti 2018, na tangu hapo sisi wote tunamwagilia na kupeleka nyanya na sukuma wiki sokoni Tala hata wakati wa kiangazi, na mimi ni mmoja wenu.

Hapa ndipo kamati iliniambia niruke. Machi 2022, akiwaonyesha wanafunzi hesabu ile, aliichoresha kompyuta ile miaka elfu kila mmoja na mstari wake, na ubaoni ukatokea mstari mmoja tu, kwa sababu mistari yote ilikuwa imelaliana, na hapo akaelewa alichofanya, kwamba kompyuta huanza kuchota kwenye namba fulani ya kuanzia, na yeye kwa kuteleza aliiamuru irudi kwenye namba ileile kila mwaka ulipoanza, kwa hiyo hakuwa na miaka elfu, alikuwa na mwaka mmoja, tena mwaka mzuri, uliorudiwa mara elfu. Mwendwa anasema alirudi nyumbani akaketi na koti mwilini hadi chakula kikapoa.

Alirudia hesabu ikiwa imenyooka, akapata miaka sitini na mmoja katika elfu ambayo maji yanapita juu ya ukuta, na ukuta ni wa udongo, maji yakipita juu unakatika, na kwa miaka kumi hatari hiyo inakaribia nusu, na chini yake kuna maboma kumi na moja, la kwanza likiwa la mama. Aliandika barua nne kwenye ofisi husika akiomba njia ya kupunguzia maji ipanuliwe, zikapigwa muhuri tukaambiwa tusubiri, akaja mkutanoni akakiri kosa lake amesimama, na mliocheka mko hapa, na mliosema kwanza alitupa sufuri, sasa sitini na moja, mwakani atatuambia mia ngapi, pia mko hapa, na mimi niliyesema siwezi kung'oa nyanya zangu kwa ajili ya kompyuta ndiye ninayewasomea.

Alipoona maneno hayaingii alileta mfuko wa mahindi elfu moja kasoro sitini na moja, akachanganya na maharagwe sitini na moja, mama akamtania kwamba anaharibu isyo, chakula chetu cha mahindi na maharagwe, naye akamwomba mama achote punje moja, airudishe, achote tena, mara kumi, kila punje mwaka mmoja, haragwe likitoka ndio mafuriko, na mama akachota, na mara zote kumi ikatoka ya mahindi, mama akasema Mungu amekwisha kujibu, akaenda kuinjika chungu. Ndugu yangu alikaa na ule mfuko magotini, akaniambia polepole kwamba hivyo ndivyo bahati ilivyo, inaweza kukunyamazia miaka kumi, na kunyamaza si ahadi.

Novemba 2024 chakula kilianza kumkwama, Januari madaktari wakakuta saratani ya koo, kufikia Juni sauti ilikuwa imekwisha kabisa, akawa anaongea kwa kuandika daftarini, na karibu kila ukurasa ni bwawa, bwawa, bwawa, mpaka Agosti nikashindwa kuvumilia nikang'oa mabati yangu nikahamia huku juu, yeye akaandika asante tu. Aliaga dunia Jumanne tarehe 23 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mwendwa, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake waliochanga damu na nauli, na majirani, pamoja na vijana waliopambana na mwamba huu siku mbili kwa mtaimbo, wakiuliza kwa nini mtoto wa kwanza wa Wathome asilazwe kando ya baba yake bondeni kama desturi inavyotaka. Tarehe 11 Septemba aliniandikia kwamba hesabu haitamtoa mama kule, kwa sababu mama amesema hawezi kumwacha mzee peke yake, na kaburi haliwezi kuhamishwa, lakini lake yeye bado halijachimbwa, kwa hiyo tulichimbe huku juu, huenda mama akaja kukaa karibu na mtoto wake.

Mwaitu, hayo nilikuwa sijakuambia. Mvua ya Novemba imebakiza majuma matano, na niko na hofu hata usingizi sipati, sina hesabu ya kukuonyesha wala mfuko wa mahindi, niko na hili shimo tu.

Musili, lala salama ndugu yangu, nikikunja karatasi hii nashuka bondeni kuchukua kitanda cha mama, na wenye mabega wanifuate, na ninamwomba mama asinikatalie mbele yako.