Mchanganya Rangi Aliyekubali Jicho Lake Lipimwe

Ndugu, jamaa na marafiki, tulieni mumsikie mtu aliyeishi kwelikweli.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Jicho, alizaliwa Jumanne, 4 Machi 1958, mtoto wa tatu wa seremala na mshonaji. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, kisha akajifunza ufundi wa magari.

Mwaka 1976 aliajiriwa gereji kuchanganya rangi. Kitabu cha vipimo hakukifungua hata siku moja! Alitazama gari, akamimina, akakoroga, na kiraka hukukiona tena.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na muuza mboga, mtu pekee aliyethubutu kumkosoa.

Mwaka 2006 mlango wa gari la bluu ulitoka kijani-kijani. Marehemu akaapa kwamba mpulizaji wa rangi, rafiki yake wa miaka ishirini, alikuwa amechezea kopo, akataka afukuzwe. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, jana ulivaa soksi moja ya bluu na moja ya kijani. Hizo nazo kazichezea yeye?"

Akamkokota hadi kliniki. Sukari ilikuwa juu. Daktari wa macho akampa vifuniko vidogo vya rangi avipange kwa mfuatano. Vya bluu akavichomeka kati ya vya kijani, kisha akalalamika kwamba vimepauka. Daktari akamweleza kuwa kisukari hudhoofisha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mara nyingi bluu ndiyo hutangulia kupotea, hata kabla mtu hajaona ukungu.

Kesho yake, mbele ya gereji nzima, alimshika mpulizaji mkono. "Ndugu yangu, kopo halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa machoni mwangu, nikakutwika wewe."

Tangu hapo nyekundu alichanganya mwenyewe, bluu akamwachia mwenzake. Wala hakuna dereva aliyetoka pale bila kuulizwa amepima sukari lini! Thelathini na wanane walikutwa nayo, wakaanza dawa macho yangali mazima. Hebu fikirini, gereji iliyookoa macho!

Figo zilimsumbua tangu 2021. Alifariki hospitalini Jumapili, 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mke, watoto wanne, wajukuu saba, dada mmoja, na kaka mmoja asiyezaliwa naye: yule mpulizaji. Marehemu aliagiza kwa kinywa chake aandikwe hapa, katika orodha ya familia.

Mungu amlaze pema. Nasi tukapime.